Ruta uliyopewa na kampuni ya intaneti: utajuaje kama inatosha?

Ukilipia intaneti ya nyumbani, iwe ya faiba au ya laini ya simu, kampuni hukupa pia kifaa cha kusambaza Wi-Fi, yaani ruta. Wengi wetu hatukichagui. Fundi au wakala anakuja nacho, anakichomeka kwenye umeme, anatuonyesha neno la siri lililo chini yake na kuondoka. Intaneti ikianza kusuasua, lawama ya kwanza inakiangukia kifaa hicho, na ushauri wa mtaani huwa ni mmoja kati ya miwili: nunua ruta nyingine, au panda kifurushi.

Ushauri wote huo unagharimu pesa, na mara nyingi hautibu ugonjwa wenyewe. Ukibadilisha ruta wakati tatizo ni mnara, utakuwa na ruta mpya na mtandao uleule. Ukipandisha kifurushi wakati tatizo ni ukuta wa tofali za kuchoma kati ya sebule na chumba cha nyuma, utalipa zaidi kila mwezi na chumba cha nyuma kitabaki vilevile.

Hapa Ruvuma jambo hili si la burudani tu. Mazao kama ufuta, mbaazi na soya sasa yanauzwa kwa mnada wa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na vyama vya msingi vya ushirika vinahitaji mtandao ili kufuatilia bei. Vijana wanaomba mikopo ya elimu ya juu HESLB kwa mtandao. Wanaotafuta zabuni za serikali wanalazimika kupitia mfumo wa NeST. Kwa watu hawa, intaneti inayokatika saa ya mwisho ya maombi ni hasara inayohesabika.

Katika makala hii tunaeleza jinsi ya kuipima ruta yako kwa kutumia simu uliyonayo mkononi, ili ujue kama inatosha, kama inahitaji kuhamishwa tu, au kama kweli ni ya kubadilishwa.

Intaneti hupita sehemu tatu kabla ya kufika kwenye simu

Sehemu ya kwanza ni njia inayoingia nyumbani. Inaweza kuwa waya wa faiba, kama ule wa TTCL, au mawimbi kutoka mnara wa simu ikiwa ruta yako inatumia laini ya Vodacom, Airtel, Yas, Halotel au kampuni nyingine. Njia hii ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Intaneti ya nchi za nje hutufikia kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari hadi Dar es Salaam, kisha husafiri nchi kavu kwa nyaya za faiba, zikiwemo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, hadi huku kwetu. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku ile hakuna ruta, hata ya bei gani, ambayo ingemsaidia mtu.

Sehemu ya pili ni ruta yenyewe. Kazi yake ni kupokea kile kinachoingia na kukigawa kwa simu, kompyuta na runinga za nyumbani.

Sehemu ya tatu ni nafasi kati ya ruta na simu yako: kuta, milango, mabati, umbali.

Ubovu unaweza kuwa katika sehemu yoyote kati ya hizo tatu, na kwa anayetumia simu dalili huwa ileile: kile kiduara kinazunguka tu. Kwa hiyo kupima ruta maana yake ni kuzitenganisha sehemu hizo moja moja.

Kabla ya kupima

Kwanza, fahamu ulinunua kasi gani. Vifurushi vya nyumbani hutajwa kwa Mbps, yaani megabiti kwa sekunde. Hizi si MB tulizozoea kwenye bando la simu. Megabiti 8 ndizo zinazofanya megabaiti 1. Kwa hiyo kifurushi cha Mbps 20 kinapakua MB 2.5 kwa sekunde, na filamu ya GB 1 itachukua takriban dakika saba. Mtu asiyelijua hili anaweza kudhani ameibiwa wakati anapata alicholipia.

Pili, uliza kama kifurushi chako kina kikomo. Vifurushi vingi vinavyoitwa vya bila kikomo vina sharti la matumizi ya haki: ukishavuka kiasi fulani cha GB, kasi inashushwa hadi mwezi mpya uanze. Kama mtandao wako ni mzuri mwanzo wa mwezi na unakuwa mzito kuanzia katikati, anza na sharti hili kabla ya kuigusa ruta.

Tatu, zima data ya simu. Simu ikiona Wi-Fi ni dhaifu inaweza kuhamia kwenye data ya laini yake bila kukuambia, nawe ukapima kitu kingine kabisa.

Nne, waombe wa nyumbani waache kutumia Wi-Fi kwa dakika chache. Mtoto anayetazama video chumbani anatosha kuharibu kipimo.

Kisha fungua tovuti ya fast.com au speedtest.net. Zote ni za bure, lakini kupima kunakula data: kipimo kimoja kinaweza kutumia makumi ya MB, na kwenye laini yenye kasi kubwa hata mamia. Mwenye kifurushi cha GB chache asipime mara ishirini kwa siku.

Vipimo vitatu

Kipimo cha kwanza: simama mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, pasipo kizuizi katikati. Pima mara tatu, andika namba ya kati.

Kipimo cha pili: nenda mahali unapotumia intaneti kwa kawaida. Inaweza kuwa chumba cha kulala, ofisi ya nyuma ya duka, au vyumba vya uani. Pima mara tatu, andika.

Kipimo cha tatu: rudia kile cha kwanza kwa saa tofauti, mara moja saa kumi na mbili asubuhi na mara nyingine saa mbili usiku.

Sasa linganisha. Tuchukulie umenunua Mbps 20.

Ukipata 18 karibu na ruta na 3 chumba cha nyuma, njia inayoingia ni nzima na ruta inafanya kazi. Tatizo ni kuta na umbali. Usipandishe kifurushi.

Ukipata 18 alfajiri na 4 usiku, ukiwa umesimama palepale karibu na ruta, tatizo ni msongamano. Mnara mmoja unahudumia watu wengi, na usiku wote wamerudi nyumbani. Hata faiba hugawanywa kwa nyumba kadhaa. Ruta mpya haitaondoa foleni hiyo. Hilo ni la kumpelekea mtoa huduma.

Ukipata 4 karibu na ruta saa zote, hapo ubovu uko kwenye njia au kwenye ruta, na unahitaji hatua moja zaidi ya kutenganisha. Kama unaweza kupata kompyuta, iunganishe na ruta kwa waya wa mtandao, upime. Ikiwa kwa waya unapata 19 na kwa Wi-Fi unapata 4 palepale, ni Wi-Fi ya ruta iliyo dhaifu. Ikiwa kwa waya nako unapata 4, angalia njia inayoingia.

Asiye na kompyuta lakini ana ruta ya laini anaweza kufanya hivi: aweke laini ya mtandao uleule kwenye simu ya 4G, asimame pale ilipo ruta na apime kwa data ya simu. Simu ikipata kasi kubwa kuliko ruta kwa mbali, na kifurushi cha ruta hakijashushwa kasi, ruta ndiyo ya kushuku.

Jihadhari na jambo moja: huenda simu ndiyo yenye kikomo. Simu nyingi za bei nafuu zinatumia Wi-Fi ya masafa ya gigahezi 2.4 pekee, na hata zikiwa karibu kabisa na ruta hazivuki Mbps 30 hadi 50. Mwenye faiba ya Mbps 100 akipima kwa simu ya namna hiyo atailaumu ruta isiyo na kosa. Pima kwa simu mbili tofauti kabla ya kuhukumu.

Kasi gani inatosha?

Namba kubwa si lazima iwe hitaji lako. Netflix, kwa mfano, inapendekeza Mbps 5 kwa kutazama filamu yenye picha safi kabisa kwenye runinga ya kawaida, na Mbps 15 kwa picha ya 4K. Mkutano wa video unahitaji Mbps 3 au 4 kwenda na kurudi. Kujaza fomu, kutuma nyaraka na kufuatilia mnada kunahitaji kasi ndogo zaidi ya hapo, lakini kunahitaji mtandao usiokatika.

Kwa hiyo mbali na kasi, angalia uthabiti. Speedtest inaonyesha pia namba ya ping, yaani muda wa kwenda na kurudi kwa ujumbe mdogo, katika milisekunde. Namba ikiwa chini ya 100 na haibadiliki sana, mazungumzo ya sauti na video yataenda vizuri. Ikiruka kutoka 60 hadi 800 na kurudi, sauti itakatika hata kama kasi ya kupakua ni kubwa.

Kama ni ruta ya laini, anza na mnara

Ruta ya laini ni sawa na simu kubwa isiyo na kioo. Ikikaa mahali ambapo mtandao ni dhaifu, haina cha kugawa.

Vijiti vinavyoonekana kwenye ruta vinaonyesha kwa ukaribu tu. Namba sahihi iko ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, au kwenye simu ya Android, sehemu ya taarifa za simu, hali ya laini. Hupimwa kwa dBm na huandikwa kwa alama ya kutoa. Kwa mtandao wa 4G, kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa bora: kutoa 85 ni nzuri, kutoa 100 ni ya wastani, kutoa 115 ni mbaya.

Chukua simu yenye laini ya mtandao huohuo, zunguka nayo nyumba nzima ukiitazama namba hiyo. Simama dakika moja kila dirisha. Nchi yetu ni ya milima na mabonde, na nyumba iliyo upande wa pili wa kilima inaweza kupata tofauti kubwa kati ya dirisha la mashariki na la magharibi. Palipo na namba bora ndipo mahali pa ruta, hata kama si sebuleni. Iweke juu, karibu na dirisha. Bati huzuia mawimbi, kwa hiyo kuipandisha hadi darini chini ya bati kunaweza kukupunguzia badala ya kukuongezea.

Kama nyumba nzima inasoma kutoa 115, kuna njia mbili: kuhamia mtandao wenye mnara wa karibu zaidi, au kutumia ruta yenye matundu ya kuchomeka antena ya nje inayofungwa juu ya mlingoti na kuelekezwa kwenye mnara. Hapa ndipo ruta ya kampuni inapoweza kushindwa kweli, kwa sababu nyingi hazina matundu hayo.

Kuhusu 5G: ruta ya 5G haikupi 5G mahali ambapo mnara wa 5G haufiki. Itashuka kwenye 4G. Pima mtaa wako kwanza, kisha ndipo ulipe.

Kama ni faiba, soma taa

Faiba hupitisha mwanga ndani ya uzi mwembamba wa kioo. Kwenye kifaa ulichofungiwa kuna taa mbili za kuangalia. Ile iliyoandikwa PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga unafika. Ile iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika, umekunjwa sana au umechomoka. Hilo si la kutengeneza mwenyewe. Usiukunje waya wa faiba kwenye kona kali wala kuupigia msumari, na usichungulie ncha yake.

Kosa la faiba mara nyingi hufanyika siku ya kwanza. Fundi hutoboa ukuta mahali panapomrahisishia yeye, na ruta inabaki kwenye kona ya nyumba, mbali na vyumba vyote. Kabla hajatoboa, mwonyeshe mahali palipo katikati ya nyumba na umwombe aufikishe waya hapo. Mita chache za waya siku hiyo zinakuepusha na malalamiko ya mwaka mzima.

Wi-Fi na kuta zetu

Ruta nyingi za sasa zinatoa masafa mawili. Gigahezi 2.4 hufika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini kasi yake ni ndogo na hugongana na Wi-Fi za majirani. Gigahezi 5 ina kasi kubwa na msongamano mdogo, lakini ukuta mmoja au miwili ya tofali huichosha. Ukiona Wi-Fi ya nyumbani ina majina mawili, moja likiishia na 5G, hiyo si 5G ya mnara. Ni gigahezi 5 tu. Ukiwa sebuleni tumia hiyo, ukiwa chumba cha mbali tumia nyingine.

Wenye nyumba mitaa iliyobanana, kama Mfaranyaki, Majengo au Lizaboni, wataona orodha ndefu ya Wi-Fi za watu kwenye simu zao. Hapo gigahezi 2.4 inakuwa kama kilabu ambacho kila mtu anaongea kwa sauti. Ruta isiyo na gigahezi 5 itapata shida, na hii ni sababu halali ya kuomba kubadilishiwa.

Kabla ya hapo, itoe ruta ilipojificha. Wengi huiweka ndani ya kabati la runinga, nyuma ya kioo, sakafuni, au karibu na friji. Chuma, kioo cha kujitazamia na maji vyote huzuia mawimbi, na simtanki lililojaa ni kizuizi kikubwa. Ipandishe usawa wa kifua au juu zaidi, mahali pa wazi, kisha rudia kipimo cha pili. Hatua hii haina gharama yoyote, na kwa nyumba nyingi inatosha.

Mambo ya kuangalia kwenye ruta yenyewe

Igeuze usome kibandiko chake, au tafuta jina na namba ya modeli kwenye mtandao. Ikiwa imeandikwa 802.11 b/g/n pekee, ni Wi-Fi ya kizazi cha nne. Nyingi za namna hii zina gigahezi 2.4 tu, na zinatosha kwa watu watatu au wanne wenye kifurushi cha Mbps 10 au 20 katika nyumba ndogo. Ikiwa na herufi ac, ni kizazi cha tano na ina gigahezi 5. Ikiwa na ax, ni kizazi cha sita, kinachomudu vizuri zaidi vifaa vingi kwa wakati mmoja.

Angalia matundu ya waya. Tundu la Mbps 100 haliwezi kupitisha zaidi ya hapo, kwa hiyo mwenye kifurushi cha Mbps 200 aliyepewa ruta yenye matundu hayo analipia kasi ambayo kwa waya hataiona.

Hesabu vifaa. Ruta ndogo za mfukoni zenye betri mara nyingi hukubali vifaa kumi hivi. Kwa familia zinatosha. Kwa ofisi ya AMCOS, shule au nyumba ya wageni hazitoshi.

Angalia tabia yake. Ruta inayopata moto mkali, kujizima au kuhitaji kuzimwa na kuwashwa kila siku ni mbovu au imezidiwa. Kuwasha upya mara moja kwa mwezi si tatizo. Mara tatu kwa siku ni ushahidi wa kumpelekea mtoa huduma.

Umeme na radi

Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya umeme ya Makambako hadi Songea, na zama za mji mzima kutegemea jenereta zikaisha. Hata hivyo umeme bado hukatika, na ukirudi hurudi kwa mshtuko. Ruta nyingi hutumia adapta ya volti 12, na adapta ndiyo hufa kwanza. Ruta ikizimika yenyewe, jaribu adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zilezile au zaidi kabla ya kuitangaza imekufa. Usichomeke yenye volti tofauti.

Wanaohitaji mtandao umeme ukikatika wanaweza kutumia betri ndogo ya akiba iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta. Ruta inayokula wati 8, ikiwa na betri ya wati-saa 30, itawaka kwa saa tatu hivi.

Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, radi ni adui mkubwa. Ukiisikia inakaribia, chomoa ruta ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Usalama: ruta nzuri isiyo na mlango

Ruta yenye kasi nzuri lakini yenye neno la siri linalojulikana na mtaa mzima si nzuri. Fanya mambo haya wiki ya kwanza.

Badilisha neno la siri la Wi-Fi lililo kwenye kibandiko. Badilisha pia lile la kuingilia mipangilio, ambalo kwenye ruta nyingi ni neno rahisi kama admin. Kwenye mipangilio chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3. Ruta inayotoa WEP pekee imepitwa na wakati, iombee mbadala.

Tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukikuta simu kumi na nyumbani mko wanne, umepata jibu la kwa nini mtandao ni mzito. Kumsaidia jirani ni ubinadamu, lakini kuuza intaneti kwa umma ni biashara inayohitaji leseni ya TCRA.

Kwa ruta ya laini, hakikisha laini iliyomo imesajiliwa kwa jina lako na si la wakala. Piga *106# kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ikiwa ya mtu mwingine, siku ikifungwa hutakuwa na pa kuanzia.

Ikiwa haitoshi, ufanye nini?

Anza kwa kuomba, kabla ya kununua. Ruta nyingi zinabaki mali ya kampuni, na kampuni inawajibika kukupa kifaa kinachoweza kutoa huduma uliyolipia. Peleka vipimo vyako: tarehe, saa, mahali uliposimama na namba uliyopata. Piga picha ya kioo cha simu kila unapopima. Mlalamikaji mwenye picha kumi za wiki mbili husikilizwa tofauti na anayesema tu kwamba mtandao unasumbua.

Ikiwa tatizo ni chumba cha mbali au vyumba vya uani, vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi huko, kisha weka kisambazaji cha pili cha Wi-Fi. Waya wa aina ya Cat5e hufanya kazi hadi mita 100. Kuna pia vifaa vya kurudisha Wi-Fi vinavyochomekwa ukutani bila waya. Ni rahisi kufunga, lakini vingi hupunguza kasi kwa nusu hivi, na vikiwekwa mahali ambapo Wi-Fi tayari imekufa havina cha kurudisha. Viweke katikati ya safari.

Ukiamua kununua ruta yako, uliza kwanza mambo matatu. Je, mtoa huduma anaruhusu? Kwa faiba, kifaa chake hubaki na ruta yako huunganishwa nyuma yake kwa waya. Je, laini ya ruta ya zamani itafanya kazi kwenye mpya? Baadhi ya laini na ruta zimefungwa kutumika pamoja tu. Na je, kifaa kimeidhinishwa na TCRA na kina dhamana ya duka? Ruta ya mitumba isiyo na karatasi inaweza kuwa imefungwa kwa mtandao wa nchi nyingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa wale ambao bado hawajafungiwa, mpe wakala maswali haya na uyataka majibu kwa maandishi: Ruta ni yangu au ya kampuni? Nikihama kutoka Songea kwenda Mbinga au Tunduru, itafanya kazi? Ikiungua kwa radi, nani analipa? Kuna sharti la matumizi ya haki, na kasi inashuka hadi ngapi? Ina gigahezi 5? Nikiacha huduma kabla ya muda wa mkataba, nitadaiwa nini?

Mtoa huduma akishindwa kutatua tatizo, usiishie kwenye kulalamika dukani. Toa malalamiko rasmi na upewe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, wapelekee TCRA ukiwa na namba hiyo na vipimo vyako. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kusimamia maslahi yetu sisi watumiaji.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi nyingine, pata namba tatu: kasi karibu na ruta, kasi mahali unapotumia, na kasi ya saa mbili usiku. Ya kwanza ikikaribia ulicholipia, ruta yako haina kosa kubwa, na kilichobaki ni kuihamisha au kuvuta waya. Ikiwa ndogo saa zote, dai haki yako kwa mtoa huduma. Na ikiwa ni Wi-Fi ya ruta pekee iliyoshindwa wakati waya unatoa kasi kamili, hapo ndipo neno "badilisha" linapokuwa ushauri wa kweli.